Neno Nililomwandikia Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, maana nimemharibia mdogo wangu wa tumbo moja na mwenyewe bado hajui. Nina karakana ya kushona sare za shule na yeye ndiye alikuwa mkataji wangu, fundi kweli, ila saa kwake ni pambo la mkono, akisema kesho wewe hesabu keshokutwa, na ukimuuliza alikuwa wapi anakujibu, "Nililala, dada," hata uongo wa foleni hajui kuutunga. Lakini mkono wake msafi, aliwahi kukuta pete kwenye mfuko wa suruali ya mteja akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Basi siku wazazi wamejaa mlangoni wakidai sare, hakutokea, nikaaibika, nikamfukuza, na wiki hiyohiyo hospitali alikoomba kazi ya kutunza stoo ya dawa ikaniletea fomu ya Kiingereza nieleze tabia yake. Nilitaka kusema hategemeki, yaani "unreliable", nikaandika "dishonest", kwamba si mwaminifu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, mshauri, nikaona yote mamoja, na kamusi ilikuwemo kabatini, sikuifungua. Wamemnyima kazi, wakamwambia tu kuna aliyeandika kwamba si mwaminifu. Juzi alikuja akakaa kwenye benchi la karakana analia, "Dada, nani kaniita mwizi?" Nami nikashika mkasi nikajifanya nakata. Najuta. Nifanyeje?

Dada Mtu

Dada Mtu,

Pole, lakini Kiingereza usikisingizie. Hasira ndiyo iliyoshika kalamu. Ungetaka neno la haki ungefungua kabati ukatoa kamusi. Asiyetegemeka hupewa msimamizi mkali. Asiye mwaminifu hapewi funguo za stoo ya dawa, na hospitali imefanya kama ulivyoiambia. Kijana ana kosa lake, ukamtwisha na asilo nalo, kisha alipokuuliza ukanyamaza. Hapo, dada yangu, asiye mkweli ni wewe.

Leo hii mwite umwambie kwa mdomo wako nani aliandika. Usiongeze "ila na wewe nawe." Akiinuka akaondoka, mwache. Jumatatu asubuhi nenda hospitalini mwenyewe, si kwa simu, na barua yenye sahihi yako. Sema uliandika kwa hasira, sema habari ya pete. Usimpambe, kuchelewa kwake kutaje pia, la sivyo hawatakuamini na hilo jingine. Huenda kazi imeshapata mtu. Nenda hivyo hivyo. Ataomba nyingine, na atakayeulizwa habari zake ni wewe tena.