Mtoto Ataitwa Lima

Makutupora, Dodoma
Jumanne

Kwako Bwana Plau, kaka yangu Hamidu,

Shikamoo. Assalaam aleikum pia, maana najua ukiona shikamoo peke yake utasema Mishi amekaa Dodoma mpaka amesahau salamu ya dini. Habari za Kondoa? Wifi Munira hajambo? Mgongo wake je, bado unamsumbua akiinama motoni? Na Pole, maksai wetu mzee, bado anavuta plau au siku hizi anakula pensheni? Sisi huku wazima. Nakunywa uji wa pilipili manga mpaka masikio yanatoka jasho, na maziwa yameanza kutoka. Mtoto ana siku mbili tu lakini ana vidole virefu kama vyako, na akilia analia kama anadai zamu yake ya kuongea.

Najua utashangaa kuona barua dunia ya leo. Kaka, kwenye simu huniachi nimalize. Halafu unaweka sauti kubwa. Jana ulipoongea na Athuman nilimsikia hadi jogoo wa kwenu, kwa hiyo na watu wa kwenu walisikia mambo yangu. Barua haina sauti kubwa, na huwezi kuikatiza. Nampa dereva wa basi la asubuhi, kesho mchana utakuwa nayo, na utabaki na siku mbili nzima za kunikasirikia kabla ya Jumamosi.

Naanzia hapo hapo kwenye Jumamosi. Mume wangu Athuman ni mpole mpaka anaudhi. Kwa kuwa hana baba wala mama, alikupa wewe heshima ya kumpa jina mtoto wetu. Alikupa kwenye simu, mtoto hajamaliza hata saa sita duniani, mimi nimelala wodini. Alikupa kama mtu anavyompa mgeni kiti. Hakuniuliza. Akaja kitandani anatabasamu, ananiambia kaka Hamidu amefurahi sana, mbuzi wa akika ameshafungwa, siku ya saba atakuja naye pamoja na mwalimu wa madrasa, na mtoto ataitwa Mwamvua, jina la marehemu mama.

Nikamwambia amechelewa. Mtoto ana jina. Nesi Emilia alikuwa ameshapita na karatasi zake, akaniuliza mtoto anaitwa nani, nikamjibu bila kumeza mate: Lima. Alinitazama juu ya miwani, akaniuliza kama baba yake ni bwana shamba. Nikamwambia baba yake anapogolea mizabibu kama mimi, aandike tu. Akaandika, kwa wino. Lima Athuman.

Maskini Athuman. Alirudi nje kukupigia, anatembea kama anakwenda kutoa habari ya msiba. Na sauti yako ilivyokuwa inatoka kwenye simu yake, mimi dirishani nikasikia kila kitu. Uliuliza kama nimerukwa na akili. Uliuliza hilo ni jina au ni amri. Ukasema basi si ningemwita Palilia kabisa, halafu mdogo wake akija aitwe Vuna! Hapo nusura nicheke, kaka, nyuzi zikanivuta nikakumbuka hali yangu. Halafu ukasema lile lililoniingia. Ukasema najilipizia kisasi. Kwamba nataka watu wa Kondoa kila wakimwita mtoto wakumbuke siku ile uliyonipa jembe. Ukamalizia kwamba nikishikilia Lima, mbuzi utamfungua, wewe huji, na mimi kwenu nisikanyage tena.

Sawa. Umesema, nimesikia. Sasa zamu yangu.

Siku ile wote wawili tunaikumbuka. Ni miaka minne. Nilirudi kutoka mjini kuangalia matokeo ya kidato cha nne, nikakukuta unafunga nira, nikakuambia nimepata ziro. Hukunipiga. Hukunitukana hata. Ulikwenda ukutani, ukachukua jembe, ukanipa, ukasema basi, lima. Hayo tu. Afadhali ungenitukana, kaka! Tusi linapita. Lile neno lilikwenda na mimi shambani, likarudi na mimi jioni, likapanda basi na mimi nilipokuja Makutupora kutafuta kibarua. Na huku nako nikamkuta msimamizi anayeamka nalo mdomoni, lima huku, lima kule, kama hajui neno lingine.

Sasa mimi ndivyo nilivyo, unanijua. Kitu kikiniuma sikiachi, nakigeuza mpaka nione upande wa chini. Nilikuta kamusi kuukuu haina jalada, imetupwa kwenye masanduku ya zabibu. Nikaanza kusoma usiku na mchana, ikiisha nahamia kwenye simu, bando likiisha nasubiri mshahara. Nikafungua daftari, juu nikaandika LIMA. Leo hilo daftari lina kurasa arobaini na kitu. Yaani, kaka, hujui ulinipa nini siku ile!

Kwanza la kwetu. Nilidhani ni la Kiswahili tu. Wapi! Mgogo analima, Msukuma analima, Mzulu kule chini kabisa kwa Waafrika Kusini na yeye neno lake ni hilo hilo. Wenye kujua wanasema mababu walitembea nalo tangu hakuna mipaka, wamebeba mbegu, moto na hilo neno. Lina umri mkubwa kuliko Kondoa. Lina umri mkubwa kuliko aibu yangu.

Halafu akaja mgeni shambani, mama mmoja wa Indonesia, mtaalamu wa mimea. Nikajipenyeza nikamuuliza kwao lima ni nini. Akanyoosha vidole vyote. Tano! Na ukivuka bahari zaidi, kule Samoa na Hawaii, ni tano na ni mkono pia, maana watu walihesabia mkononi. Athuman akaniambia nirudi kazini, namuuliza mgeni wa watu habari za vidole.

Kuna bruda mmoja mzee Mtaliano, huwa anakuja kutembelea mizabibu. Siku moja mkasi wangu wa kupogolea umekuwa butu, nahangaika, akanipa tupa yake ya chuma na kuniambia kwao hiyo ndiyo inaitwa lima. Wamelirithi kwa Kilatini. Kile kinacholamba chuma mpaka kiwe kikali. Nilikaa chini ya mzabibu nikanoa huku nacheka peke yangu, wenzangu wakasema jua limenipata.

Wahispania nao wanalo. Kwao ni tunda, ndugu yake limau letu; hilo lilitoka Uajemi likapita kwa Waarabu, likagawanyika njiani. Marubani wakitaja herufi L redioni wasikosee, wanasema Lima. Na kuna mji mkubwa Peru, Amerika ya Kusini, umeitwa kwa jina la mto wake, na wenye kujua wanasema kwa lugha ya wenyeji wa kale maana yake ni anayesema. Anayesema, kaka. Umemsikia mtoto anavyolia?

Sikufichi na baya. Kwa watu wa Ufini lima ni ute, kamasi. Jirani yangu Naima, anayefanya usafi Bungeni, aliposoma hapo alicheka mpaka akakaa sakafuni, akasema mtoto wangu ndege ikitua kule atapokewa na leso. Nikamwambia Mfini atakayetoka kwao kuja Makutupora kumcheka mwanangu atanikuta nimekaa mlangoni.

Na la Kiarabu je? Hilo nimeliweka mwisho kwa sababu mwenyewe ni wewe. Unakumbuka ulipokuwa unamsaidia mwalimu pale madrasa, mimi nakaa mstari wa mbele na kibao changu? Uliniambia lima ni swali. Ni kwa nini. Nilikuwa na miaka saba. Nikakuganda wiki nzima, lima hiki, lima kile, mpaka ukasema utanifunga mdomo kwa kanga. Kwa hiyo usiniambie leo kwamba hulijui ila la jembe.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba mengi ya maneno haya hayana undugu. Nilitafuta undugu mpaka macho yakauma. La Mtaliano halijui la Mgogo, la Indonesia halijui la Mwarabu. Kila moja limetoka kwao, na mizigo yake, yakakutana kwenye sauti moja. Nikasema mbona hii ni Dodoma! Mrangi, Mnyakyusa, Mhaya, karani wa serikali na muuza karanga, hakuna aliyezaliwa na mwenzake, wote wanaitikia jina moja la mji. Sasa neno pana hivyo nilifanyie nini, nilirudishe ukutani likaegemee?

Na kuhusu Mwamvua. Usinifanye mtu asiyempenda mama. Mama aliitwa Mwamvua kwa nini? Kwa sababu alizaliwa mvua inanyesha. Bibi alitazama nje, akaona maji, akasema. Hakumpigia mtu simu. Hakuuliza kama jina ni zuri mbele za watu. Hata hawa Wagogo wa huku, wanaotutania kwamba Warangi tunapenda kujifanya Waarabu, wao ndiyo zao: kwetu shambani yuko mzee Matonya, kaitwa hivyo kwa ajili ya matone ya mvua. Basi na mimi Jumapili nilitazama nje. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, uchungu umenishika, barabara nzima ya kwenda zahanati watu wako mashambani wameinama. Mvua ikishakuja watu hufanya nini, kaka? Kwanza alikuja Mwamvua. Aliyemfuata ni huyu. Mimi sijaruka mstari wowote.

Sasa kaa chini, kama hujakaa. Wifi Munira kama anakusomea, mwombe akakuletee maji kwanza.

Sikupata ziro.

Nilipata daraja la pili. Karatasi ninayo, nimeikunja ndani ya hilo daftari, imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka. Siku tatu kabla ya matokeo nilikuwa nyuma ya banda nachanja kuni, wewe na yule mnunuzi wa ng'ombe mnaongea upande wa pili. Ulimwambia nikifaulu tu utamuuzia maksai wote wawili, Komando na Pole, ili niende kidato cha tano na sanduku, godoro na nauli kama watoto wa wenzako. Mnunuzi akakuuliza sasa utalima na nini, ukacheka, ukasema utalima na mikono. Na ndani mama alikuwa anakohoa, na daktari ameshasema apelekwe Dodoma, na wewe na mimi tulijua kwamba nje ya wale maksai hatukuwa na kitu kingine cha kumpeleka.

Kwa hiyo nikasema ziro. Ukanipa jembe. Komando akauzwa kwa ajili ya mama, na mama akapata miaka miwili, akacheza kwenye harusi yangu na ile kanga yake ya kijani. Pole akabaki. Nimeweka siri hiyo miaka minne, na kila uliposema mbele za watu kwamba Mishi kichwa kizito, nilitafuna ulimi. Mama alijua. Aliikuta karatasi, akairudisha chini ya mkeka wangu, na tangu siku hiyo nyama ya shingo ya kuku ikawa yangu.

Hili silisemi ili unionee huruma, wala unishukuru. Wala siombi radhi. Nilidanganya kwa akili zangu timamu na ningedanganya tena. Ila usiseme nimempa mwanangu jina la kisasi. Wodini, nakiri, kwa dakika moja nililishikilia kwa hasira, kwa sababu ya kile kiti ambacho Athuman alikupa bila kuniuliza. Dakika ya pili nikamtazama usoni nikajua ni lake. Ulinipa jembe, kaka, na mimi nililichagua kabla hujanipa. Nimelima kila kitu tangu siku ile. Mwakani nafanya mtihani wa kidato cha sita kwa kujitegemea, fomu nimeshajaza, na mtoto mgongoni nitakwenda naye.

Jina halifutwi. Mwalimu wa madrasa akisema halifai nitamuuliza lima. Mbuzi mlete au mfungue, mimi nitapika hata mchicha. Lakini kiti chako kipo, nimekifuta vumbi mwenyewe, na safari hii ninayekupa ni mimi. Njoo umwadhinie sikioni. Ukifika sikioni sema Lima, kwa sauti yako, ile ile ya siku ile. Nataka aisikie ikiwa laini.

Msalimie wifi, wapangusie watoto pua kwa ajili yangu, mpige Pole mkono begani umwambie kuna mtu Makutupora anamkumbuka. Athuman anakusalimia, amekaa nje anaogopa kuniuliza naandika nini. Naima pia anakusalimia japo hakujui.

Na kabla hujamfungua mbuzi, nijibu swali moja tu, kaka. Wewe urudi kutoka mjini, mama anakohoa ndani, maksai wawili wamefungwa nje, na mfukoni una karatasi inayosema umefaulu. Ungefanya nini?

Mdogo wako,
Mishi, Mama Lima