Barabara ya Mlimani Imefungwa, Mume Wangu Hasikii

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla gari halijapakiwa mizigo, maana safari ni mwezi ujao na mume wangu Elkanah ana kichwa kigumu. Mama yangu alikuja kutoka Meru kumwona mjukuu wake Makena, anarudi Machi, na tangu afike hapa Maple Grove, Minnesota, ameomba kitu kimoja tu, kushika theluji ya mlima, kwa sababu ile ya Mlima Kenya ameitazama kutoka shambani kwake maisha yake yote bila kuikaribia, na nilipomtoa nje aishike hii yetu, inayomwagiwa chumvi barabarani ili iyeyuke, alicheka akasema, “Hii ni ya barabarani, mwanangu, ina chumvi,” basi Elkanah akasikia, akasimama kanisani akatangaza kwamba atampeleka mkwe wake mbuga ya Rocky Mountain kule Colorado, wavuke mlima kwa gari upande hadi upande, na kina mama wakapiga vigelegele. Nikaingia kwenye tovuti ya mbuga nikakuta barabara ile ya juu hufungwa msimu wote wa baridi, nikamwonyesha, akanijibu, “Kendi, nime-drive kwa snow miaka hii yote. Plow zikipita asubuhi kusukuma theluji kando, si tutapita.” Nikamwomba Mama amkanye, akasema, “Mkwe akishanena, mimi siwezi kumrudisha nyuma,” na Elkanah naye anasema heri alale kwenye theluji kuliko kuvunja neno alilompa mama mkwe. Mimi ni nesi, baridi siiogopi, ila Mama ana presha na sitaki akwame mlimani, wala sitaki arudi Meru mikono mitupu. Nifute safari?

Kendi, Maple Grove

Kendi, pole, lakini usifute chochote. Mama hakupanda ndege mpaka Minnesota aje kutazama chumvi.

Kwanza nimseme bwana wako, najua utamsomea. Elkanah, Minnesota ni tambarare. Hapa theluji ikianguka usiku, kabla hujamaliza chai barabara imeshasafishwa, ndiyo maana unadhani kila barabara duniani husafishwa. Ile ya mlimani imefungwa kwa lango, na litakapofunguliwa, mahindi ya mama mkwe wako huko Meru yatakuwa yamefika kiunoni. Miaka yako ya usukani haifungui lango.

Nawe Kendi, usijifanye mtakatifu. Umemsuta mume, kisha ukamtuma Mama amkanye mkwe wake, jambo ambalo ulijua hawezi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali Mama alipoomba kuvuka mlima. Hapapo. Aliomba kushika theluji. Kuvuka ni habari ya Elkanah na vigelegele vyake.

Sasa fanyeni hivi. Mama hawezi kumkanya mkwe, ila kumwomba anaweza, na mkwe hana ubavu wa kumnyima. Alete ombi kupitia kwako, mezani, Elkanah akisikia: “Mwambie Baba Makena magoti yangu hayataki kuvuka. Anifikishe tu pale barabara inapoishia.” Heshima iliyomfunga ndiyo itakayomfungua, na kanisani atasema amemtii mkwe, nani atamcheka?

Mama aonane na daktari kwanza kuhusu presha na mwinuko ule. Wekeni matairi ya theluji, na garini blanketi, maji na chakula. Msiende kwa mkupuo mmoja, laleni njiani. Upande wa mashariki wa mbuga, barabara za chini kwa kawaida huwa wazi, lakini pigeni simu asubuhi hiyo hiyo, msitegemee habari za juzi. Na mchukue vyumba viwili mjini nje ya mbuga. Msimlaze mama na mkwe wake chumba kimoja eti hoteli ni ghali.

Mkifika langoni, Elkanah azime gari. Wewe mshike Mama mkono, mtembee pole pole mpaka pasipo na alama ya tairi, kisha umvue glavu. Hapo mume wako atakuwa ametimiza neno lake, na lango bado limefungwa.