Uwanja wa Kisegi Usiokatwa Nyasi

Kehancha, Jumatano, 9 Agosti 1995. Asubuhi ya baridi na ukungu. Jua limetoka karibu saa nne, na hata lilipotoka sikulihisi.

Nina hofu. Naiandika kwanza, nisije nikajifanya ninaandika mambo mengine.

Leo nilipita sokoni kununua omena kwa Min Akinyi, mama wa kisiwa cha Mfangano aliyeolewa huku na bado anauza samaki wa kwao. Nilikuwa na furaha. Nikamwambia kwamba Ijumaa kikundi chetu cha akina mama kinawapeleka wasichana wetu Kisegi kwa kongamano na netiboli, wakutane na wasichana wa ziwani, wacheze pamoja, na walale huko hadi Jumapili.

"Shule gani ya Kisegi? Ile iko chini kwa maji?"

"Hiyo hiyo. Uwanja wake, Min Akinyi, ungeuona! Nyasi fupi, sawasawa, kama zulia."

"Na nani anakata hiyo nyasi?"

"Si ng'ombe?"

Aliacha kupima omena akanitazama, akaniita binti wa Wakuria kwa Kijaluo chake. "Yaye! Nyar Kuria, kwako kila kitu inakula nyasi ni ng'ombe? Hiyo inakatwa na kiboko. Usiku inatoka kwa maji, inakula, asubuhi imerudi kulala."

Akina mama wa meza za jirani wakacheka sana. Mmoja akasema niende na kamba nikamkamue. Nami nilicheka pamoja nao, kisha nikalisikia lile neno.

Kiboko.

Mwezi uliopita mimi ndiye niliyetumwa kukagua mahali. Nilitembea shule nzima na Mwalimu Ochola, aliyeachwa kulinda shule wakati wa likizo. Niliangalia kila nililojua kuangalia: paa zisizovuja, maji ya karibu, vyoo safi, uwanja usio na mawe. Nikamuuliza nani anautunza uwanja. Akasema, "Hatukati, madam. Inajikata yenyewe." Nilidhani ananitania.

Kisha nikamuuliza kuhusu usiku, maana wazazi wa huku huuliza habari za usiku kabla ya kuuliza chakula. Akajibu, "Wasichana wakishaingia ndani, wasitoke. Hapa usiku kuna kiboko."

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, na katika miaka yote hiyo kiboko kilikuwa kimoja tu: kile kilichotundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya mwalimu wa zamu. Nikafurahi. Nikamwambia, "Vizuri sana, Mwalimu. Hivyo ndivyo tunavyotaka." Alinitazama kidogo, kisha akacheka kwa adabu. Sasa najua alidhani mimi ndiye mwenye utani.

Na sikuishia hapo. Nilirudi nikasimama mbele ya wazazi kanisani nikasema, "Kuhusu usiku msiwe na wasiwasi. Kule kuna kiboko." Walipiga makofi. Baba mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Hapo umechagua, Boke! Atakayetoka, apate cha kwake!"

Apate cha kwake. Maneno hayo yananizunguka kichwani tangu mchana.

Kabla sijaondoka sokoni nilimuuliza Min Akinyi kama mnyama huyo ni mbaya. Hakucheka tena. Alisema ukiwa ndani ya nyumba hana shida nawe. Shida ni ukisimama kati yake na maji, kwa kuwa hapo anaona umemfungia njia ya nyumbani, na ana mbio kuliko mtu.

Madarasa watakamolala yako upande wa maji. Vyoo viko ng'ambo ya uwanja. Niliviona mwenyewe na nikavisifu kwa kuwa mbali, harufu isifike.

Yaani msichana akitoka kwenda chooni usiku, kiboko akiwa uwanjani, ndiye atakayekuwa amesimama kati ya mnyama na maji.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Rebeka, mwenyekiti wetu. Alikuwa akichambua mahindi ya safari. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Kwa hivyo walikuambia," akasema.

"Waliniambia, mama."

"Na wewe ukasikia fimbo."

Akaniuliza nataka nini. Nikasema labda tuhamishe kongamano, tutafute shule hapa Kehancha au hata Migori mjini. Hapo ndipo alipoacha mahindi.

"Boke mwanangu, fikiri. Tumewaomba wale watu, wamekubali, wameshatafuta samaki na kuni. Leo ukisema hatuji, nani atasikia habari ya kiboko? Watasema Wakuria wameogopa kulala kwa Wajaluo. Na hawa wa hapa watasema wao walijua tangu mwanzo. Tumehangaika kuwaleta hawa watoto pamoja, tuharibu kwa sababu ya neno?"

Ni kweli. Na bado si kweli yote, kwa sababu kiboko si neno.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Gati uani, akirusha mpira kwenye ringi tuliyofunga juu ya nguzo. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, mfungaji wa timu, na kila usiku ni lazima aende choo. Tangu utotoni. Huamka nusu usingizini na kutoka bila taa wala viatu, kama anayetembea ndotoni.

Nilisimama mlangoni nikawaza: Gati asiende. Nitasema anaumwa. Gati peke yake.

Nimeliandika hapa kwa sababu wazo hilo ndilo lililonitisha kuliko mnyama. Nilikuwa tayari kumwacha wangu nyumbani na kuwapandisha gari wa wenzangu, huku mama zao wakinipungia mkono.

Kama Gati hawezi kulala pale, hakuna msichana atakayelala pale.

Jioni nilirudi kwa Mama Rebeka nikamwambia hivyo. Tumekubaliana. Michezo itabaki Kisegi, kwenye uwanja ule ule, mchana. Lakini kulala, hapana. Siku ile ya ukaguzi Mwalimu Ochola alinionyesha kanisa juu ya mlima, nyuma ya soko la Kisegi, lenye ukumbi na vyoo vyake mlangoni. Kesho alfajiri naondoka kwenda kuliomba. Kama watakubali, nitawaambia wazazi Ijumaa asubuhi, kabla mtu hajapanda gari, ni kiboko gani niliyemsifu kwao. Kama watakataa, gari halitaondoka, waseme watakavyosema.

Naogopa watakataa. Naogopa pia kwamba watakubali, halafu nitagundua kuna neno jingine nililosikia vibaya.

Min Akinyi amenifundisha jina la mnyama huyo kwa Kijaluo ili safari hii nisikosee: rao. Nimelirudia jikoni nikikoroga ugali. "Mwalimu, huko mlimani rao hufika?" Gati akaniuliza Rao ni nani. Nikamwambia ni mwenyeji wetu.

Alhamisi, kabla ya kuondoka. Kawaida yangu ni kuandika saa niliyolala. Jana nilizima taa mapema lakini usingizi haukuja. Gati aliamka kama anavyoamka siku zote, akatoka. Hapa kwetu hakuna kitu uani isipokuwa kuku na nguzo ya ringi. Hata hivyo nilikaa kitandani nikisikiliza nyayo zake zikienda, kisha kimya, kisha zikirudi, kisha komeo.

Nililala saa nane na robo usiku.