Nyumba ya Bibi Kalista Uwanjani

Rozina, leo nimefanya jambo baya. Sijui hata nianzie wapi.

Si unaikumbuka ile siku ya utamaduni niliyokuwa nakusumbua nayo? Nikasema mimi Mnyakyusa nitawaonyesha Wafipa kwamba halmashauri inawathamini. Nikamwomba bibi Kalista atujengee nyumba ya nyasi kama ya zamani. Wiki nzima anakandika kuta, anaimba Kifipa, anacheka.

Watu wameipenda mno! Tulipomaliza nikawaambia vibarua wasafishe uwanja. Wakaitia ile nyumba kiberiti. Mimi ndiye niliyesema wasafishe, Rozina. Mimi!

Bibi alikuwa bado amekaa na soda yake. Aliinuka akaanza kukusanya vitu vyake mbio mbio, kikapu, kanga, mpaka ile chupa ya soda.

Mwanawe Modesti akaninong'oneza kwamba mwaka sabini na nne nyumba yao ilichomwa hivi hivi, ili wahamie kijiji cha ujamaa.

Nikamkimbilia. "Bibi, nisamehe, ni kosa langu."

Akatazama kitambulisho changu cha halmashauri shingoni. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama Wafipa wanavyomsalimia mkubwa.

"Mama, safari hii mnatuhamishia wapi?"