Kaburi Lililoitwa Kichuguu

Mpendwa mshauri, Bibi Letisia, shikamoo. Naomba msaada kwa sababu akili yangu imegota. Mimi ni koplo, Mbarabaig wa Hanang, tupo kambini kwenye kisiwa cha watu ng'ambo ya bahari, tuliletwa kuwalindia nchi yao na maofisa wanasema vita inaweza kuanza siku yoyote, kutwa tunachimba mahandaki kwenye mchanga unaojifukia wenyewe, na vijana wangu wanauliza tunakufa kwa ajili ya nani, nami nilikuwa nawakaripia mpaka alipoletwa askari mpya, Isidori wa Nangwa, jirani na kwetu, akasimulia tukiwa tunakula kwamba shamba la ngano la serikali limefika kwetu, na ameona trekta likipita juu ya bung'eda ya babu yangu, yaani kile kilima cha udongo tunachomjengea mzee wa heshima juu ya kaburi lake, na dereva akasema alidhani ni kichuguu. Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, "Koplo, kumbe kwenu mnazikana na mchwa?" Nami nikacheka, bibi, na hicho ndicho kinachonila. Nikishika bunduki naona nalinda udongo wa wengine huku wetu unalimwa na serikali ileile iliyonileta. Baharia mmoja wa meli ya mizigo amekubali kunificha, na vijana watatu wanataka kuja nami. Je, nitoroke nikalijenge upya kaburi la babu, au nife huku kama mjinga?

Koplo, kambini ng'ambo

*

Marahaba, mjukuu wangu. Jina lako nimelificha mimi, maana wewe hukuwa na akili ya kulificha. Nani anaandika habari za kutoroka jeshi kwenye gazeti la parokia?

Pole. Pole sana. Mimi ni Mwiraqw wa Tumati, na zamani watu wangu na wako waliibiana ng'ombe na kuuana. Lakini hata bibi zetu waliowaogopa ninyi walijua kwamba ukiona bung'eda unapita mbali na unanyamaza. Kichuguu hakizungushiwi miti wala hakiwekewi majani mabichi. Huyo dereva nimemuulizia, ni kijana wa huku kwetu, mama yake nasali naye. Alijua. Alimwogopa msimamizi wake, akatafuta neno la kujifichia. Nawe ulipocheka uliwaogopa wenzako. Ni woga uleule, usijione bora.

Sasa ukitoroka, utafika kwenu kama nani? Utasimama mbele ya meneja kudai kaburi, akuulize jina, polisi wakuchukue palepale shambani. Babu yako atakuwa amepata trekta na aibu. Na hao vijana watatu wakifungwa, mama zao watakuja kwa mama yako, hawatakwenda serikalini.

Usipande meli. Nenda kwa mkuu wa kambi mchana, umevaa sare, na Isidori awe nawe aseme alichokiona. Useme kaburi la baba wa baba yako limevunjwa, unaomba ruhusa ukalijenge. Kichuguu usikitaje. Akikataa, mrudie mpaka akuchoke. Huku nyumbani, akina mama wa kwenu wanajua kukutana na kukaa mahali mpaka mwanamume aliyekosa alipe. Nimewapelekea habari wakae pale kaburini kabla ngano haijapandwa. Nitakaa nao mimi mwenyewe, na dereva nitamleta na mama yake aseme kweli.

Vita ikianza kabla ya ruhusa, sina la kukudanganya. Kaka yangu Margwe alikwenda vita vya Wazungu huko Burma, hatujui alilala wapi. Kaburi lake hakuna trekta la kulivunja, kwa sababu hana. Wewe kaa karibu na hao vijana, waambie ukweli kuhusu babu yako, na atakayecheka mwache acheke. Kisha uwarudishe kwa mama zao. Hiyo ndiyo kazi yako huko, mengine ni ya maofisa.

Ukimaliza kusoma hapa, funga vifungo vya shati uende kwa mkuu wako.

Bibi Letisia, Tumati