Kifaru wa Begani kwa Baba

Mvumi,
S.L.P. 41,
Kilosa.
7 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Gerald,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo hata kama umenikasirikia, kwa hiyo naipokea kabla hujaitoa. Hamjambo huko Mtwara? Wifi Doris kifua kimemwachia? Huku tu wazima, ila goti la Mama linasumbua mvua zikishika, na mwaka huu zimeshika kweli. Mahindi ya bondeni yamelala, ya mlimani yanatia moyo.

Wiki tatu sijapokea simu zako. Usidhani ni mtandao, mtandao upo. Jambo lenyewe kwenye simu ningelikatiza katikati, na lina kitu ambacho simu haikibebi.

Unakikumbuka kile kitambaa cha begani cha Baba, alichorudi nacho kutoka vita ya Burma, kichwa cha kifaru mweusi kwenye duara jekundu. Mwezi uliopita nilisikia kuna bwana anaitwa Oswald amefikia Mikumi, kwenye gesti moja pale yanapolala malori, ananunua alama za begani za askari wa zamani. Sikwenda kuuza, Mungu ni shahidi. Nilitaka kujua tuna nini. Nikalifunga lile kopo la chai kinamotunzwa kwenye kanga, nikapanda basi.

Akakigeuza, akakinusa, akahesabu mishono kwa kioo cha kukuzia. Mpaka hapo nilimheshimu. Kisha akafunga mapazia, akawasha taa ndogo ya zambarau, kama ile ya mawakala wa pesa ya kukagulia noti. Gerald, kitambaa cha Baba kikawaka kama shati jeupe la Pasaka. Akasema nyuzi za wakati ule haziwaki, hiki kimeshonwa miaka ya karibuni tu. Halafu eti nimwachie hivyo hivyo, atanipa chochote. Hapo nikashtuka. Kama ni bandia, mbona vidole havikiachii? Nikakichukua nikatoka bila kuaga.

Lakini ule mwanga niliuona kwa macho yangu. Njia nzima ya kurudi Kilosa nikawa najiuliza: kama hiki ni bandia, cha kweli kiko wapi, na kimepita mikononi mwa nani? Unanijua, mimi hata sukari ya dukani naipima tena nyumbani. Nikakukumbuka wewe. Krismasi ulikwenda nacho Kimamba siku mbili, ukasema unamwonyesha rafiki yako Samson. Ukarudi na simu mpya.

Nilisema, Gerald. Nilisema mbele ya Mama na kaka Lucas kwamba umeuza cha Baba ukaturudishia bandia. Ndiyo maana Lucas alikupigia kukuuliza simu ile uliinunua wapi. Mama hakutia neno. Aliinuka akaenda kuchambua mchele, nami nikadhani kimya chake ni kukubali.

Wiki iliyopita, siku moja kabla ya kumbukumbu ya Baba, nikamkuta Mama uani na beseni, povu la sabuni ya unga limejaa, kifaru yumo ndani anasuguliwa. Kumbe ndivyo afanyavyo kila mwaka tangu tumzike. Anasema Baba hakuvaa kitu kichafu.

Akili ikanicheza. Nikakata kipande cha ukanda wa ule mkoba wa turubai wa Baba, unaoning'inia msumarini bila kuguswa na maji, nikaloweka nusu yake kwenye povu lile lile. Kilipokauka nikaenda kwa Happiness, wakala wa pesa pale sokoni, nikamwomba taa yake. Nusu iliyofuliwa iliwaka. Nusu nyingine giza. Basi taa ya Oswald ilikuwa inaona sabuni ya Mama.

Bado nilirudi nyumbani na shaka yangu, maana sabuni haikueleza siku zako mbili za Kimamba. Mama akakigeuza, akaniwekea kidole kwenye kona iliyotafunwa na panya, aliyoitia viraka mwenyewe kwa uzi wa bluu mwaka ule ulipobatizwa wewe. Uzi ule upo pale pale. Nikamuuliza mbona siku ile alinyamaza.

“Hukuniuliza, Costancia,” akasema. “Ulikuja umeshahukumu.”

Nimelia, mdogo wangu. Nilikuita mwizi nyumbani kwa baba yako, nawe hukuwepo kujitetea. Nisamehe. Lucas nimemwambia ukweli, naye anaona aibu kukupigia.

Oswald, niliyempigia kabla ya kwenda Mikumi, amepiga mara mbili, bei inapanda. Nimemjibu hakifai, ni bandia, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Mama ameamua kifaru akae kwako. Yumo humu, nimemshona katikati ya leso, fumua taratibu. Sabuni ya unga isimguse tena. Mama mwenyewe nimeshindwa kumwambia hilo.

Nisalimie wifi Doris na wanao wote. Mama anakusalimu, Lucas pia, hata Sendeka jirani yetu anauliza utakuja lini kunywa maziwa. Mungu wa baba yetu awalinde mlalapo na muamkapo.

Dada yako akupendaye, hata alipokukosea,
Costancia

Nyongeza: Piga simu, safari hii nitapokea. Niambie tu kwamba kimefika. Picha ya kuthibitisha usinitumie.