Dada, Wapangaji Tumekuwa Wenye Nyumba

Dada Rehema,

Nyumba imeuzwa. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu salamu ndefu zilikuwa zinakuchosha. Imeuzwa, na walioinunua ni sisi. Sisi wa alasiri, tuliokuwa tunakumbushwa kila Jumapili tuzime taa na kurudisha viti. Sasa kaa nikueleze, kama huko uliko kuna viti.

Unakumbuka tulivyoingia mle mara ya kwanza? Ilikuwa kiangazi chetu cha kwanza London, miaka ile ya tisini. Tuliambiwa kuna Wakongo wanasali kwa Kiswahili saa nane mchana, kwenye ukumbi mdogo wa matofali. Ukasema Waingereza hawapendi wachelewaji, tuwahi. Tukawahi kweli. Tulitoka kwetu Thamesmead asubuhi, tukafika wenyeji wenyewe wakiwa katika ibada yao. Wazee wachache wa Kiingereza wamenyamaza, mshumaa unawaka ndani ya kikombe, na mezani maua tele. Ukaniminya mkono ukasema, "Hawa wamefiwa."

Mtoto wa Muheza hakosi adabu msibani. Ukapita benchi kwa benchi, kichwa umeinamisha, unawapa mkono wa pole mmoja mmoja, na mimi nyuma yako nimejitanda kitenge. Hakuna aliyetushangaa. Bibi Margaret, mtunza funguo wao, aliushika mkono wako hakutaka kuuachia. Baadaye alitueleza kwamba mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watu walikuwa wameshaacha kumpa pole.

Kisha ibada ikaisha, wakaanza kubeba maua. Ulihamaki. "Wanamwibia marehemu," ukasema, tena kwa sauti, ukishukuru kwamba hawajui Kiswahili. Ndipo Margaret akatufafanulia kwamba hakuna aliyekufa. Ni desturi ya dhehebu lao la Wayunitaria, Jumapili moja kila mwaka kila mtu huleta ua, yote huwekwa pamoja, na kila mtu huondoka na ua alilolileta mwenzake. Akakupa lake. Kwenye basi ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa ncha ya kitenge changu.

Tangu siku hiyo ukawa mtu wa asubuhi, mimi nikabaki wa alasiri. Nilikutania kwamba umehamia dini ya chai na kunyamaza. Ukanijibu kwamba angalau wao wakimwomba Mungu hawadhani ni kiziwi. Lakini mimi najua kilichokushika. Ilikuwa historia yao. Uliwauliza wazee maswali mpaka ukaijua kuliko baadhi yao, na hukumwacha mgeni apite bila kumsimulia. Jinsi waliotangulia walivyokusanyika kwa siri katika chumba juu ya zizi la farasi, enzi ambazo sheria iliwakataza kusema kwamba Mungu ni mmoja wala si nafsi tatu. Jinsi walivyojenga kanisa zuri, likapigwa bomu wakati wa vita. Na jinsi walivyorudi kuokota matofali kwenye kifusi wakajenga ukumbi huu, ndiyo maana yale ya karibu na mlango yana weusi wa moshi. Hata fundi aliyekuja kutengeneza boila la kupashia ukumbi joto ulimshikisha tofali jeusi. "Nyumba hii ilishakufa ikafufuka," ulimwambia, naye maskini alikuwa anatafuta mita ya gesi.

Siku ya mazishi yako wenzako wa asubuhi walikuja na maua. Yalipoanza kuchukuliwa, mama zetu wa Kikongo wakashika vinywa. Nikalazimika kuwaeleza kama Margaret alivyotueleza sisi. Nilicheka, Dada. Nilicheka kwenye mazishi yako huku nalia, na watu wakanikalisha wakidhani nimezidiwa. Nakukumbuka sana. Jumapili jioni ndiyo mbaya zaidi, maana sina wa kumpigia simu kumsengenya mhubiri.

Baada yako wazee walizidi kupungua. Paa likaanza kuvuja, wakaamua kuuza, na sisi tukachanga mpaka tukaweza. Furaha ikawa kubwa. Kisha kwenye kikao likazuka swali la wazee wenyewe, kwamba waendelee kusali mle asubuhi, au watafute kwingine? Mchungaji wetu si mtu mbaya, unamjua. Lakini alisema, "Tutakaa namna gani mu nyumba moja na batu benye kukataa Utatu?" Wengi wakatikisa vichwa. Nikamuona akilini Margaret na kibeti chake anatafuta chumba cha kukodi mjini. Na nikaona yale matofali yamebaki ukutani, hakuna tena wa kuyasemea.

Mimi huwa sisimami vikaoni. Siku hiyo nilisimama. Nikawasimulia habari zako zote, zizi, bomu, kifusi, nikawapeleka mlangoni wakaliguse tofali. Nikawaambia, "Wakati wengi wetu hatukuwa hata na karatasi za kukaa nchi hii, hawa walitupa ufunguo. Hawakutuuliza tunaamini nini." Watu wakarudi vitini. Mama mmoja wa Bukavu akasema, "Bakae." Mchungaji akaichukua kofia yake magotini, akasema asubuhi ni yao.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya maua. Nilikata waridi kwenye chungu chako, lile ulilosema halitachanua kwa mikono yangu. Margaret sasa anatembea kwa kuburuta miguu, na ufunguo amenipa mimi. Nikamfungulia mlango mwenye nyumba wa zamani. Akaja kijana mgeni, akasimama pale mlangoni akauliza kwa nini matofali haya meusi. Wazee wote wakanigeukia. Nikasimulia, Dada, na sikusahau zizi.

Sijahama, usianze kushangilia. Nitabaki wa alasiri, na kelele zangu. Lakini nakuahidi, maadamu miguu inanibeba, wazee wako watakuta mlango umefunguliwa, na hakuna mgeni atakayepita bila kushikishwa tofali. Waridi lako alilichukua Margaret.

Pumzika, mtoto wa mama. Ukisikia mtu amefika kanisani mapema kuliko inavyotakiwa, ni mimi.

Mdogo wako,
Neema